Tusiwaage Kabla Hatujawauliza

Hotuba kwa wafanyakazi wa reli ya TAZARA wanaostaafu, iliyotolewa Mlimba

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Wenzangu wa kazini, habari za tangu asubuhi. Na ninyi vijana mlioajiriwa juzijuzi, mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele kidogo, maana nusu ya maneno yangu ni yenu. Itifaki imezingatiwa. Naomba nisitaje mmoja mmoja, nisije nikamruka mtu ambaye tangu alfajiri yuko na masufuria ili sisi tukae hapa tumetulia.

Tumekuja kuwaaga wenzetu saba. Hakuna hata mmoja kati yao aliyeitumikia reli hii chini ya miaka 30. Yupo aliyeingia kazini kijana asiye na mke, sanduku lake la bati kichwani, na leo ameketi pale na wajukuu wawili magotini. Vyeti vyao viko hapa mezani. Jana usiku nilivisoma vyote. Kila kimoja kina jina, cheo na hesabu ya miaka, kina mhuri, na kitatundikwa ukutani panapostahili. Lakini nilipomaliza kuvisoma nilibaki nimekaa, kwa sababu niliona kuna kitu hakimo ndani yake. Hicho ndicho kilichonisimamisha hapa.

Kwenye cheti hayaandikwi mambo ambayo hayakutokea.

Mmoja wa hawa saba alikuwa anatembea njia usiku wa masika, taa mkononi, akakuta maji yamesomba kokoto chini ya mataruma, yale magogo ya zege yanayobeba reli, na reli zinaning'inia hewani kama kamba ya kuanikia nguo. Akakimbia kuelekea treni inakotokea, akapunga taa nyekundu, dereva akaiona, treni ikasimama. Abiria wakaamka, wakauliza kuna nini, wakanung'unika kwamba watachelewa, wakalala tena. Kesho yake mchana walifika kwao, wakashusha mizigo yao, wakasahau. Hakuna gazeti lililoandika, kwa kuwa hapakuwa na la kuandika. Kazi ya reli iko hivyo. Ukiifanya sawasawa haionekani. Watu wanaona treni imeingia stesheni na wanadhani imekuja yenyewe, kama jua linavyochomoza.

Kwa hiyo mkiniuliza tunasherehekea nini leo, nasema tunasherehekea usiku mwingi sana ambao haukuwa na habari. Miaka 36 ya mtu mmoja. Miaka 33 ya mwingine. Usiku baada ya usiku, treni zikipita juu ya kazi ya mikono yao.

Mimi ni mtoto wa kambi. Leo nafanya kazi chumba cha kuongoza treni, lakini nilizaliwa huko juu, katika kambi ya genge, yaani kikosi cha kutunza njia ya reli, kati ya hapa Mlimba na Makambako, mahali ambapo hamna kijiji, hamna duka, kuna nyumba chache za matofali, mlima na reli. Saa ya nyumbani kwetu ilikuwa treni. Mama alikuwa anaweka sufuria ya maharage jikoni treni ya mizigo inapopanda, na inaposhuka nyingine maharage yameiva. Tukichelewa kulala anasema, "Hata ya abiria imeshapita, ninyi bado macho!" Baba alikuwa mtu wa genge. Aliingia reli wakati bado inajengwa, kijana wa kubeba zege, akabaki mpaka siku ya kustaafu kwake.

Vijana, habari za reli hii mmezisoma shuleni, lakini zisikieni tena mbele ya watu walioishika. Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia, Zimbabwe ya leo, walijitangazia uhuru wao, uhuru wa wachache juu ya wengi, na Zambia ikajikuta shaba yake nyingi inapita kwa jirani asiyemtakia mema. Mwalimu Nyerere na Mzee Kaunda wa Zambia wakabisha hodi katika milango mingi wakitafuta reli ya kufika bandari ya Dar es Salaam. Wataalamu wa Magharibi wakasema reli hiyo haitalipa. China ikakubali, kwa mkopo usio na riba. Mkataba ulitiwa saini Beijing Septemba 1967, ujenzi ukazinduliwa Oktoba 1970, mwaka 1973 reli ikafika Tunduma, 1975 ikafika New Kapiri Mposhi, kule Zambia, na Julai 1976 ikakabidhiwa rasmi kwa nchi zetu mbili. Kilomita 1,860. Wazee wakaiita Reli ya Uhuru, na hawakuwa wanapamba maneno. Ilikuwa hivyo.

Julai 2026 inatimiza miaka 50 tangu ikabidhiwe. Nyumba nyingi tulizojenga mwaka ule zimeshaanguka. Yenyewe bado iko.

Sehemu iliyowatesa wajenzi kuliko zote ni hii tunayoitazama kupitia dirisha lile. Reli inatoka Dar es Salaam, inakatisha pori ambalo sasa ni Hifadhi ya Taifa ya Nyerere, inateremka bonde la Kilombero kupitia Kidatu, Mang'ula na Ifakara, inafika hapa Mlimba, mguuni pa mlima. Kutoka hapa inabidi ipande mpaka Makambako. Reli nzima ina mahandaki 22, na mengi kati ya hayo yako katika kipande hiki kimoja. Daraja la Mpanga limesimama juu ya bonde kama mita 50. Waliojenga walikaa kwenye mahema, mvua juu, matope chini, na mlima ukiporomoka wanachimba upya. Zaidi ya Wachina 60 waliofariki katika kazi hii wamelala Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Watanzania na Wazambia waliofariki wamelala vijijini kwao, na makaburi yao hayana kibao cha reli.

Baba alinisimulia jinsi walivyofundishwa. Hapakuwa na lugha ya pamoja. Mchina anashika spana, anakaza nati, anakutazama usoni, anakupa spana. Unakaza. Akitikisa kichwa unalegeza, unaanza tena. Wapo waliofundishwa darasani pia: mwaka 1972 vijana kama 200 kutoka Tanzania na Zambia walipelekwa Beijing kusomea reli, na baadaye chuo cha Mpika, kule Zambia, kikalea mafundi wengi wa nchi zote mbili. Lakini wengi katika watu wa genge walijifunza kwa kutazama mikono ya mwenzao. Elimu iliyoingia kwa njia hiyo haikuandikwa popote. Ilikaa mikononi. Shikeni neno hilo, nitalirudia.

Naomba nikae kidogo kwenye kazi ya genge, kwa sababu watatu kati ya wenzetu saba wametoka huko, na kwa sababu ndiyo kazi ninayoijua kwa harufu yake: jasho, mafuta mazito, chuma kilichopigwa na jua.

Genge lina kipande chake cha njia. Kipande hicho ni chao kama shamba lilivyo la mtu. Saa kumi na mbili asubuhi wameshatoka na nyundo, sululu, koleo na spana ndefu. Wanakwenda kwa miguu, juu ya mataruma ya zege, ambayo hayakuwekwa kwa kipimo cha hatua ya binadamu. Moja ni karibu mno, mawili ni mbali mno, na ukitembea hivyo miaka 30 magoti yako yatakueleza. Wanakaza nati zilizolegea kwenye maungio. Wanasindilia kokoto chini ya taruma lililozama. Wanazibua mifereji na makaravati kabla mvua haijaanza, wanafyeka majani ili dereva aone mbele. Jua la mchana likiipiga reli, chuma kinarefuka. Usiku wa baridi kinajikunja. Ndiyo maana kati ya kipande na kipande kuna kijinafasi, na kijinafasi hicho kinataka mtu wa kukiangalia: kikiziba reli itapinda kama upinde, kikipanuka mno gurudumu litapiga ncha ya chuma mpaka ipasuke. Kumbukeni kwamba hii si kazi ya mwaka mara moja. Treni ikipita tu, kila kilichokazwa kinaanza kulegea.

Baba alikuwa anasoma mlima kwa kutazama nyasi. Alinionyesha nikiwa darasa la tano. Katikati ya kiangazi, kila kitu kimekauka, rangi ya magunia, ghafla unaona pembeni ya tuta kijishamba cha majani mabichi kama mkeka. Mtoto anaona majani. Baba aliona maji. Chini pale kuna chemchemi inayopenya, na masika ikija, udongo utakaoteleza kwanza ni ule. Alikuwa anaweka jiwe jeupe pembeni, na mvua za kwanza zikinyesha anakwenda kulitembelea jiwe lake kabla hajanywa chai. "Usiitazame reli," alikuwa ananiambia, "itazame milima. Reli haihami, milima ndiyo inayohama."

Alikuwa na mawe mengi. Kadhalika alijua mahali ambapo wajenzi walizika mifereji chini ya udongo, mifereji ambayo huwezi kuiona mpaka izibe. Nilipoanza kazi chumba cha kuongoza treni nilimwambia, "Baba, nikija likizo tutakaa, uniandikishe mawe yako yote." Akafurahi. Nilikuja likizo. Nilikuja likizo mara nyingi. Tuliongea bei ya mpunga, tukaongea shule za wajukuu, tukaongea magonjwa ya majirani. Daftari nilikuwa nalo kwenye mkoba. Kila nilipoondoka tulisema safari ijayo. Alifariki daftari langu likiwa tupu, na hilo ni kosa langu mwenyewe, silimwagii mtu mwingine.

Wiki iliyopita nilimwendea mmoja wa hawa wanaoagwa leo, mzee wetu wa kiberenge, kile kigari kidogo cha kukagulia reli, aliyefanya kazi na baba alipokuwa kijana. Nikamuuliza habari za mawe meupe. Hakujibu kwanza. Aliokota kijiti, akachora mlima kwenye vumbi la uani kwake, akachora reli, akaweka kokoto mbili. "Nayajua mawili," akasema. "Mengine alikuwa anakwenda peke yake." Nilichora alichochora yeye. Nina ukurasa mmoja.

Wenzangu, hiyo ndiyo sababu sikuweza kuja hapa leo nikasoma vyeti tu na kupiga makofi.

Genge haliendeshi treni peke yake. Yupo hapa fundi wa mabehewa aliyetumia maisha yake akipiga magurudumu kwa nyundo. Watoto walikuwa wanadhani anacheza ngoma. Gurudumu zima hulia kama kengele, na lenye ufa hujibu kwa sauti nzito iliyokufa, hata kama ufa wenyewe jicho halijauona. Amesimamisha mabehewa ambayo kila mtu mwingine aliyaona mazima. Yupo fundi wa vichwa vya treni aliyelelewa na mafundi wa zamani, wale walioanza na vichwa vya haidroliki vya kutoka China. Vichwa vile vilichoka haraka kwenye mlima wetu, na miaka ya 1980 vikaja vya dizeli-umeme, mafundi wakaanza shule upya wakiwa watu wazima wenye familia. Aliyepokea kazi kwao alipokea shule mbili kwa pamoja.

Yupo dereva. Watu wanadhani udereva wa treni ni kupanda mlima. Kupanda ni kazi ya mashine. Kushuka ndiyo kazi ya mtu. Unatoka Makambako na treni ya mizigo, nyuma yako kuna shaba, uzito wake unakusukuma mgongoni kila sekunde. Ukishika breki mno, magurudumu yanapata moto na breki zinachoka kabla hujafika chini. Ukiziachia mno, treni inakupokonya. Unatakiwa uishike kama unavyoshika mkono wa mtoto kwenye barabara yenye magari, usimuumize na asikuponyoke. Na unaingia handaki, unatoka handaki, macho yanapigwa na giza na mwanga, giza na mwanga. Mwenzetu huyu ameshuka mlima huu miaka 31 na kila mara amefika hapa chini.

Na yupo stesheni masta, mama mmoja ambaye wengi wenu mnamjua kwa sauti yake kwenye simu ya stesheni. Reli yetu ni ya njia moja. Treni mbili zinazokutana haziwezi kupishana popote ila stesheni, moja ikae pembeni na nyingine ipite. Maana yake ni kwamba kuna mtu lazima ajue, bila kukisia, nani yuko wapi. Hakuna "nadhani imeshapita." Treni haiingii kipande cha mbele mpaka stesheni ya mbele iseme njia ni nyeupe, yaani haina treni, na neno hilo liandikwe, na saa iandikwe. Daftari la stesheni halifutwi. Ukikosea unapiga mstari mmoja, unaandika upya, unaweka sahihi yako ili aliyekuja baada yako aone kwamba ulikosea na ukasahihisha. Nimesoma madaftari ya mama huyu ya tangu nikiwa mgeni kazini. Mwandiko wa saa tisa usiku ni uleule wa saa tatu asubuhi. Nilijifunza kazi yangu kwenye mwandiko huo, na leo namwambia mbele yenu, kwa sababu sijawahi kumwambia.

Nje ya hawa saba wako na wengine, wa tiketi, wa behewa la chakula, wa kusukuma mabehewa uwanjani. Watanisamehe, kila mmoja ana watu wake hapa watakaomsemea vizuri kuliko mimi.

Lakini kuna kundi ambalo halina cheti mezani hata kimoja, na sitakaa chini kabla sijalitaja. Wake wa kambi. Mama aliyekuwa anaamka saa nane za usiku kumwamsha mume aingie zamu, anajaza mafuta ya taa, anafunga ugali na dagaa kwenye kitambaa, anafunga mlango, kisha halali. Halali mpaka asikie treni imepita salama na mume amerudi. Aliyejifungulia kambini kwa sababu masika barabara ya Ifakara ilikuwa tope na treni iliyokuwa inakuja ilikuwa ya kesho. Aliyelima bustani kando ya njia, akauza ndizi na mchele dirishani mwa mabehewa, na fedha hiyo ndiyo iliyotupeleka sekondari. Mama yangu alifanya hayo yote. Kama reli hii ilikuwa na wafanyakazi wawili kwa kila jina moja kwenye orodha ya mishahara, basi naomba makofi ya leo yagawanywe kwa wawili.

(Hapa ukumbi ulisimama, na mama mmoja akapiga vigelegele, wakafuata wengine.)

Asanteni. Kaeni, mama zangu.

Miaka hii haikuwa tambarare. Oktoba 1979 majeshi ya Rhodesia yalilipua daraja la Mto Chambeshi, kule Zambia, na reli ikakatika. Waliokuwa kazini wakati ule wameshastaafu zamani, wawili wamekuja leo kutushika mkono na nawashukuru. Njia za kusini zilipofunguka baada ya Zimbabwe na Afrika Kusini kupata uhuru wao, mizigo ikawa na pa kwenda kwingine, na malori ya barabara ya Zambia yakachukua sehemu yake. Vichwa vya treni vikazeeka. Reli iliyosanifiwa kubeba tani milioni 2 kwa mwaka ilibeba chini ya tani 90,000 mwaka wa 2014/15. Mnaelewa maana ya tarakimu hizo kwa mtu aliyeko kambini? Maana yake ni kwamba anaweza kukaza nati siku nzima na asione treni hata moja.

Na bado alikuwa anatoka saa kumi na mbili. Mvua haihesabu treni. Ikinyesha inanyesha juu ya tuta lililopitiwa na treni ishirini na lile lililopitiwa na moja. Na ile moja ilikuwa na watu ndani: mama wa Mngeta anampeleka mtoto hospitali Ifakara, mwanafunzi anarudi shule, mfanyabiashara na magunia yake ya mpunga. Wenzetu hawa walitunza njia ya watu hao katika miaka ambayo wengi mjini walishaanza kusema TAZARA imekufa. Reli haikufa, kwa sababu kulikuwa na watu waliokataa kuiacha ife kwenye kipande chao cha njia. Mimi naamini hivyo kwa moyo wangu wote.

Nawasikia vijana wakiulizana siku hizi, "Bado uko palepale?" Mtu akikaa kazi moja miaka mitano anaonekana amelala. Siwalaumu. Ajira zimebadilika, mikataba ni ya mwaka na miwili, na kijana mwenye akili lazima atafute. Lakini kuna kazi ambazo mwaka wa kwanza hukuonyesha zana tu. Mwaka wa tano unaanza kuona njia. Mwaka wa kumi na tano unaanza kuona mlima. Yule mzee wa nyasi mbichi hakuyajua yale kwa kuwa alikuwa na akili kunizidi. Aliyajua kwa sababu aliyaona majani yaleyale katika viangazi thelathini. Hakuna kozi ya miezi sita inayoweza kukupa viangazi thelathini.

Sasa nifike kwenye ombi langu.

Septemba 2025 ulitiwa saini Lusaka mkataba wa kuikabidhi reli hii kwa kampuni ya China, CCECC, iikarabati na kuiendesha, mkataba wa miaka 30. Reli mpya zitakuja, vichwa vipya vitakuja, mashine za kusindilia kokoto zitafanya kwa saa moja kazi ya genge zima kwa siku. Nafurahi. Baba angefurahi. Lakini mashine itakapofika kwenye kona ile ya juu, mwongozaji wake atakuwa mtu mgeni, mwenye ramani ya wino, na ramani haina mawe meupe. Nani atamwambia kwamba pale chini kuna mfereji uliozikwa? Nani atamwambia kwamba kingo ya handaki lile hutoa maji siku mbili baada ya mvua kuisha, wakati kila mtu ameshatulia? Wanaojua wako saba, wameketi safu ya mbele, na kuanzia mwezi ujao kila mmoja anarudi kwao: Njombe, Mbozi, Ifakara, na mmoja Kasama, kule Zambia.

Naomba tusiwaage kabla hatujawauliza. Sisemi tuwazuie, wamefanya kazi ya kutosha na mashamba yao yanawasubiri. Nasema kila mmoja wao apewe siku kadhaa na vijana wawili. Wa njia wapande kiberenge, polepole, kutoka jiwe la kilomita hadi jiwe la kilomita, na kila mahali mzee atakaponyoosha kidole kijana aandike: kilomita fulani, upande wa kushoto, maji, mwezi gani, alifanya nini. Fundi wa magurudumu asimame uwanjani na mafundi wapya, wafumbe macho, wasikilize. Dereva akae kwenye kiti cha pili, ashuke mlima mara moja zaidi, na aseme kwa sauti kila anachokifanya na mikono yake. Na siku hizo walipwe. Elimu ya miaka 30 si soga ya barazani, na mtu anayeitoa yuko kazini. Nimelizungumza na wakuu wangu, wamelisikia vizuri, na nalirudia hapa hadharani ili nami nisirudi nyuma.

Nina neno dogo kwa watoto wa hawa saba. Jioni ya leo mkifika nyumbani, lifungueni sanduku la mzazi wenu. Barua ya kwanza ya ajira, barua za kupandishwa cheo, cheti cha kuzaliwa, vitabu vya benki. Vitoeni nakala, vipangeni kwenye faili moja, jina liandikwe namna moja kila mahali. Nimeona wazee wakihangaika na mafao kwa sababu ya herufi moja katika jina. Mzee aliyetembea juu ya mataruma miaka 36 asitembee tena kwenye korido za ofisi.

Na kwenu wazee wangu saba. Baba zangu, na mama yangu wa stesheni. Usiku wa leo treni ya abiria itapita hapa. Nitakuwa zamu. Watu watakuwa wamelala ndani yake, na hawatajua majina yenu, na watafika. Mimi nitaandika kwenye daftari saa iliyopita, na mwandiko wangu nitaujitahidia.

Mzee wetu wa kiberenge amekubali kuanza Jumatatu. Vijana wake wawili nimeshawapata, ni wale wawili niliowaambia wasogee mbele na wakasogea. Daftari nimenunua, lenye jalada gumu, na ule ukurasa wangu mmoja nimeubandika mwanzoni ili kazi isianzie kwenye karatasi tupu. Vyeti mgeni wetu atavitoa baada ya chakula, kwa sababu naona mama zangu wa jikoni wananipungia mkono kwamba wali umeshaiva. Maji ya kunawa yako pale chini ya mwembe. Wazee watangulie.